Yasitokee, Tusirudie au Yasirudiwe? Lugha ya Minara na Michoro ya Bujumbura

Wanafunzi wetu hufundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Wakiulizwa fani wanajibu, wakiulizwa maudhui wanajibu, na wengine hujibu hata kabla ya kuisoma kazi yenyewe. Lakini kuna matini wanazozipita kila siku wakipanda kwenda Mutanga au wakishuka mjini, nazo hazijapata nafasi katika masomo yetu: minara ya kumbukumbu, michoro ya ukutani, na maandishi yaliyopakwa rangi juu ya milango ya maduka. Makala haya yanahusu kazi hizo. Tunaziita sanaa ya hadharani kwa kuwa zimewekwa mbele ya macho ya mtu yeyote apitaye, awe amesoma au hakusoma. Hatukusudii kuzieleza zote. Tunataka kuuliza swali moja tu, swali la mwalimu wa lugha: kazi hizi zinazungumza na watu wa Bujumbura kwa lugha gani, na ni nani aliyeichagua?

Tuanzie nje kidogo ya jiji, upande wa kusini, kwenye barabara inayofuata ziwa. Pale Mugere kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Wazungu hao wawili walilala hapo wakiwa katika safari ya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. (Unaingia, na wavuvi wa huku walilijua hilo bila safari.) Leo watu huenda pale kupiga picha. Kwa mhakiki, jiwe hili ni matini fupi kuliko zote tulizo nazo, na linafaa sana kufundishia kile tunachokiita ukimya wa matini. Wageni hao hawakupiga makasia wenyewe wala hawakujipikia. Walikuwa na watu wa mtumbwi na watumishi, na lugha iliyowaunganisha watu wa namna hiyo ilikuwa Kiswahili, ambacho kilikuwa kimekwisha kufika Ujiji pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Jiwe limehifadhi majina mawili, lugha iliyobeba safari haimo.

Sasa turudi mjini tuinue macho kuelekea milimani. Huko kuna kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyepigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961. Chama chake cha UPRONA kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba mwaka huohuo kwa viti 58 kati ya 64, naye alikuwa Waziri Mkuu kwa muda wa wiki mbili tu. Kaburi lina matao matatu, na matao hayo yamebeba kaulimbiu ya taifa: umoja, kazi na maendeleo. Kifani kazi hii ina nguvu. Tao linalorudiwa mara tatu ni takriri ya mawe, kila moja likisubiri lingine, na nafasi iliyo wazi chini yake humfanya mtazamaji aone mji na ziwa kupitia ndani ya maneno. Aliyebuni hivyo alijua anachofanya. Tumeona wanafunzi wakifika pale wakiwa wanacheka na kutaniana, kisha wakanyamaza bila kuambiwa na mtu.

Lakini hebu tufikirie hadhira. Mnamo mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na miongoni mwa waliomuunga mkono tangu mapema walikuwa Waswahili wa mitaa ya Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo. Hao walikuwa watu wa Buyenzi na Bwiza, wengi wao Waislamu, wafanyabiashara na mafundi. Ng'ambo ya ziwa alikuwa na rafiki, Julius Nyerere, na chama cha TANU. Kwa maneno mengine, harakati alizoziongoza mtu anayekumbukwa na matao yale zilikuwa na masikio ya Kiswahili. Hatujaona pale neno hata moja la Kiswahili. Mzee wa Buyenzi ambaye baba yake alichangia ushirika ule akipanda kuzuru kaburi, atasoma umoja wake kwa lugha ya ofisini.

Hatusemi hivi kwa ushabiki. Kirundi ndicho lugha mama ya nchi hii na kina haki ya kutangulia katika mnara wowote wa taifa. Kifaransa nacho kina historia yake. Tunachosema ni kwamba mji wa Bujumbura, tofauti na vilima vya mashambani, ulikua kwa Kiswahili. Sokoni, gereji, bandarini na uwanjani, mtu kutoka Uvira, mtu kutoka Kigoma na mtu kutoka Muramvya walikutana ndani ya lugha hii. Kuna wanaoiona bado kuwa lugha ya wageni, au lugha ya dini moja, au ya wahuni. Tumechoka kuyajibu hayo, na tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007 hata wasemaji wa maneno hayo hupeleka watoto wao kwenye masomo ya ziada ya Kiswahili.

Mnara wa Umoja ulioko kilimani Vugizo tutaupitia kwa haraka, maana kifani hautuvuti sana. Ulijengwa mwaka 1991, mwaka ambao Mkataba wa Umoja wa Kitaifa ulipigiwa kura ya maoni tarehe 5 Februari. Ni mrefu, unaonekana kutoka mbali, na ulikusudiwa kuonekana. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Mnara ulibaki umesimama huku mitaa iliyo chini yake ikigawanyika na kuhamwa. Bwiza na Buyenzi zenyewe, zilizozoea kuwachanganya watu, zilikumbwa na mauaji mwezi Machi 1995. Msanii hawezi kulaumiwa kwa vita. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza kama neno "umoja" likiandikwa na serikali, likajengwa na serikali na kuzinduliwa na serikali, limepata wapi nafasi ya kujibiwa na anayelisoma.

Huenda msomaji akasema kwamba Kiswahili hakina desturi ya kuandikwa kwenye minara. Si kweli. Mjini Dar es Salaam, katikati ya barabara, kuna sanamu ya askari wa Kiafrika ameelekeza bunduki yake mbele. Ilisimamishwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Nairobi ikapata ya kwake mwaka 1928. Walioziweka ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, yaani shirika la kikoloni kwa kila hali. Na shirika hilo liliona ni lazima maandishi yawekwe kwa Kiswahili pia pamoja na Kiingereza, na halikuzisahau hata herufi za Kiarabu, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili wa zama zile walizisoma. Mkoloni hakuwapenda askari na wapagazi wale kuliko sisi tunavyowapenda ndugu zetu. Alifanya hesabu ya hadhira tu: nani atapita hapa, na ataweza kusoma nini?

Hata hivyo tusiisifu kazi ile kupita kiasi. Inawakumbuka wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini haina hata jina la mpagazi mmoja. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi haikuchongwa popote, imo vinywani. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo, na hadi leo soko kubwa la Dar es Salaam linaitwa hivyo. Tunapofundisha utohoaji wa maneno hutoa mfano huu kila mwaka, na ni vizuri mwanafunzi akijua kwamba neno hilo ni kaburi pia.

Tushuke sasa hadi Buyenzi, mtaa ambao barabara zake zina namba badala ya majina. Huko sanaa ya hadharani haina tume wala mzinduzi. Kinyozi anataka wateja, anamwita mchoraji, mchoraji anapaka vichwa vinne vya vijana ukutani, kila kimoja na mkato wake wa nywele, na juu yake anaandika karibu mteja. Fundi wa magari anachorewa injini yenye rangi ambazo hakuna injini duniani iliyowahi kuwa nazo. Muuza chakula anachorewa sahani ya wali, na mvuke wake umepindwa kama moshi wa uvumba. Kiswahili kinaandikwa humo bila kuomba ruhusa, mara nyingi kikiwa kimeshikana mkono na Kirundi. Herufi ya l inakuwa r na r inakuwa l, maneno yanaungana au kuachana mahali ambapo kamusi haikubali, na ngeli zinafuata njia zake.

Tulipowatuma wanafunzi kunakili maandishi hayo, walirudi na orodha ndefu ya makosa. Walikuwa wameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, nadhifu kabisa, kama walivyofanyiwa wao. Tukawauliza: na picha je? Kuna uhusiano gani kati ya neno na picha? Mchoraji ameanza na kipi? Kwa nini jina la duka limeandikwa kwa Kifaransa, lakini onyo la kutokopesha likaandikwa kwa Kiswahili? Hapo ndipo uhakiki ulipoanza. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba jina ni la kuonekana na onyo ni la kueleweka, na hatujasikia maelezo bora zaidi ya hali ya lugha katika jiji hili. Ukilipeleka jibu lake kilimani, utaona kwamba minara yetu imeandikwa kwa lugha ya kuonekana.

Tatizo la michoro ya Buyenzi ni kwamba haina mlezi. Kinyozi akihama, aliyempangisha anapaka chokaa. Kampuni ya simu ikija na rangi yake, nyumba nzima inageuka tangazo na kichwa cha nne cha kijana kinafunikwa kabla ya sikukuu. Hakuna anayepiga picha, na hakuna anayeandika jina la mchoraji. Mashirika yanayosaidia sanaa jijini yapo, nasi hatuna ugomvi nayo. Kituo cha utamaduni cha Ufaransa kimewapa wachoraji na waigizaji wetu jukwaa kwa miaka mingi, na tamasha la michezo ya kuigiza la Buja Sans Tabou, lililoanza mwaka 2014, limeonyesha kwamba vijana wana mengi ya kusema wakipewa nafasi. Lakini angalieni hata jina la tamasha. Na fomu ya kuomba ruzuku, itoke shirika gani, huwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Inamtaka msanii aeleze "athari", "walengwa" na "viashiria" kabla hajashika brashi. Mchoraji wa Buyenzi anayefikiri kwa Kiswahili hulazimika kulitafsiri wazo lake ili lipate fedha, kisha kulitafsiri tena ili lipate watu. Wengi wanaona ni heri ya kinyozi.

Jirani zetu wa Kampala wamejaribu njia nyingine. Shirika la wasanii liitwalo 32° East lilianzishwa mwaka 2011, nalo huandaa tamasha la sanaa mjini linaloitwa KLA ART. Mwaka 2014 wasanii walishirikiana na waendesha bodaboda, pikipiki zikageuzwa kazi za sanaa, zikazunguka jijini. Kinachotuvutia sisi ni nafasi ya mwendeshaji kuliko pikipiki yenyewe. Kazi ya sanaa inayosimama kwenye kituo cha bodaboda itaulizwa maswali, na anayeijibu ni yule aliyeikalia, kwa lugha ya abiria wake. Shirika lililipia kazi, lakini halikulipia maelezo. Kwetu jambo hilo lingepata vikwazo vyake, maana tangu Machi 2022 pikipiki na baiskeli za abiria zimezuiwa kuingia katikati ya jiji. Hata hivyo mabasi madogo yapo, na tayari yameandikwa kila kitu kuanzia majina ya wachezaji hadi dua.

Tumeacha mwisho jambo lililotufanya tushike kalamu. Makubaliano ya Amani na Maridhiano ya Burundi yalitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Nyerere aliyaanzisha mazungumzo hayo kama msuluhishi, na alipofariki mwaka 1999 Mandela akayamalizia. Ndani yake mna kifungu kinachotaka ujengwe mnara wa taifa wa kuwakumbuka wahanga wote wa mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu mwingine dhidi ya binadamu. Kifungu hicho hakikuishia kwenye mnara, kimetaja hata maneno yatakayoandikwa juu yake. Kwa Kifaransa ni "Plus jamais ça". Ni maneno yale yale yaliyoko Kibimba, kando ya barabara ya Gitega, walipochomwa moto wanafunzi mwezi Oktoba 1993. Ni nadra sana mkataba wa kisiasa kumwandikia msanii maneno ya kuchonga. Basi sisi wa Kiswahili tujiulize: tukiombwa kesho, tutayaandikaje?

Tuliwapa wanafunzi zoezi hilo. Wa kwanza walitafsiri neno kwa neno, wakapata "kamwe tena", ambayo haisemi kitu. Wengine wakaandika "isitokee tena". Tukauliza: i- ni ya nini? Kifaransa kina "ça", neno dogo linaloonyesha kwa kidole bila kutaja. Kirundi kina "ntibigasubire", na bi- yake inabeba mambo yote bila kuyahesabu. Kiswahili hakituachii nafasi hiyo kwa urahisi, kwani upatanisho wa kisarufi hutudai jina. Ukisema "visitokee" umesema vita, au vifo, au vitendo. Ukisema "yasitokee" umesema mauaji, au machafuko, au maafa. Mwanafunzi aliyechagua vi- alisema ni vita, na katika vita kila upande una silaha. Mwenzake wa ya- akamjibu kwamba waliokuwa darasani Kibimba hawakuwa na silaha. Ubishi uliozuka ulikuwa mkali kuliko tulivyozoea katika somo la ngeli, na baadhi yao walizungumza kwa sauti ya chini sana.

Kisha kuna kitenzi. Kutokea ni kitenzi cha mvua na tetemeko, mambo hutokea bila mtendaji. Kikundi kimoja kilileta "tusirudie". Hapa mtendaji amepatikana, ni sisi. Kwa muda tulidhani suala limekwisha, hadi mwanafunzi mmoja alipouliza kama mjane aliyepoteza mume na watoto atakubali kuingizwa ndani ya tu- hiyo. Amerudia nini yeye? "Msirudie" inamwacha nje, lakini inamnyooshea mtu kidole, na kila msomaji atadhani kidole kimeelekezwa kwa jirani yake. "Wasirudie" ni mbaya zaidi. Mnara hauwezi kuwa na nafsi ya tatu katika nchi ambayo wote watapita mbele yake.

Sisi tunaelemea kauli ya kutendwa: "yasirudiwe". Tunakiri kwamba halina utamu mdomoni. Lakini lile -w- dogo linasema kwamba mauaji yalikuwa na mikono, na halimtii mjane hatiani. Wenzetu idarani hawakubaliani nasi. Mmoja anasema neno hilo lina harufu ya sheria, mwingine anataka Kiswahili kifuate Kirundi na kuacha ngeli wazi, hata kama sarufi italalamika kidogo. Wote wawili wana hoja, na zote mbili tutazichapa zikiletwa kwa maandishi.

Msomaji mwenye pendekezo lake atuletee chumbani kwetu au aliache kwa katibu wa idara. Tunaomba liwe na maneno yasiyozidi matano, liambatane na maelezo ya ngeli na kauli iliyotumika, na liandikwe kwa herufi kubwa, ili tuone litakavyokaa juu ya jiwe.